Fibrinojeni: Protini Inayotangulia Kuisha

Mama anapotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, vilivyomo ndani ya damu yake haviishi kwa pamoja. Chembe nyekundu hupungua, chembe sahani hupungua, maji ya damu hupungua. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hushuka chini ya kiwango cha hatari wakati vingine bado vinahimili. Kitu hicho ni protini iitwayo fibrinojeni. Nimeombwa jioni hii nizungumzie kuganda kwa damu, mada ambayo ingetosha muhula mzima, nami nimeonelea nishike protini hii moja tu, kwa sababu naamini hatuipi uzito wake katika wodi zetu za wazazi. Tunahesabu chupa za damu. Tunauliza kundi la damu. Himoglobini tunaipima hata mara mbili kwa siku. Fibrinojeni hatuiulizii mpaka mambo yameshaharibika.

Fibrinojeni hutengenezwa na ini na kumiminwa katika utegili, ile sehemu ya damu inayobaki maji ya manjano chembe zikishatengwa. Mtu mzima mwenye afya huwa na gramu 2 hadi 4 katika kila lita ya utegili. Utegili wenyewe ni kama lita 3, kwa hiyo katika mwili mzima zinazunguka gramu 6 hadi 12 hivi. Ni kidogo ukilinganisha na kazi inayotegemewa, na bado hii ndiyo iliyo nyingi kuliko protini zote za kugandisha damu. Nyingine hupimwa kwa miligramu au chini ya hapo. Wataalamu walipoziorodhesha kwa namba za Kirumi, fibrinojeni ikapewa namba ya kwanza. Orodha inafika 13, ingawa ukiihesabu utakuta ya sita haina mwenyewe: iliyodhaniwa kuwa ya sita ilibainika baadaye kuwa ni ya tano iliyokwisha kuamshwa, na hakuna aliyejisumbua kuzipanga upya.

Molekuli ya fibrinojeni ni ndefu na nyembamba, kama nanomita 45, ina kifundo katikati na kifundo kingine kila mwisho. Hall na Slayter ndio walioionesha sura hiyo kwa darubini ya elektroni mwaka 1959. Katika kifundo cha kati pamechomoza vipande vidogo vinne ambavyo kazi yake ni kuzuia. Vikiwepo, kila molekuli huelea kivyake wala haishikani na mwenzake. Mshipa ukichanika, vigandishi huamshana kimoja baada ya kingine mpaka kimeng'enya kiitwacho trombini kipatikane. Trombini hukata vile vipande vinne, na papo hapo fibrinojeni inageuka fibrini, kitu chenye hamu ya kushikana.

Na inavyoshikana ndipo penye ufundi. Waliokulia pwani na kumwona bibi akitengeneza mkeka wataelewa upesi. Fibrini hazijipangi kichwa kwa kichwa. Kila moja hulala nusu ya urefu wake ubavuni mwa nyingine, kama miyaa inavyopishana ndani ya ukili, mpaka utoke utepe mrefu wa pande mbili. Tepe zikikusanyika ubavu kwa ubavu hutoka uzi mnene. Lakini ukili si mkeka mpaka ushonwe. Mshonaji hapa ni kigandishi cha 13, ambacho Laki na Lorand walianza kukitambua mwaka 1948 walipoona kwamba fibrini iliyosafishwa sana huyeyuka kirahisi, na ile iliyochanganyika na utegili haiyeyuki. Mtoto anayezaliwa bila kigandishi hicho bonge la damu huwa linapatikana, ila halidumu. Mara nyingi kitovu ndicho kinachotoa habari, kwa kuvuja siku baada ya siku. Mtoto asiye na fibrinojeni kabisa, hali iliyoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1920 na inayokadiriwa kumpata mmoja kati ya watu milioni, naye pia mara nyingi hutambuliwa kwa kitovu.

Nyuzi hizi si kitu cha kufikirika tu. Zinaonekana kwa macho. Mwaka 1666 Mtaliano Marcello Malpighi alichukua mabonge ya damu yaliyotolewa katika moyo wa maiti, akayaosha kwa maji mpaka wekundu wote ukaondoka, akabaki na kitu cheupe chenye nyuzinyuzi, kisha akakiweka chini ya darubini. Wafugaji wetu wanaotoa damu ya ng'ombe aliye hai na kuinywa, Waturkana kwa mfano, hawakuhitaji darubini. Damu ikiwa bado ya moto huikoroga, na nyuzi hujizongazonga na kutolewa. Inayobaki haigandi tena hata ukae nayo kutwa. Sisi ambao damu kwetu ni haramu tulichelewa kulijua jambo ambalo mtoto wa mfugaji analifahamu kabla hajaota meno ya ukubwani: kwamba kinachogandisha damu si wekundu wake. Kinaweza kutolewa, na kikishatolewa hakuna kuganda.

Wazungu wa karne ya 19 walibishana juu ya hilo kwa miaka mingi, na sitawachosha kwa majina yote. Inatosha kumtaja Olof Hammarsten wa Uppsala, Sweden, ambaye mwaka 1879 aliitenga fibrinojeni kwa chumvi ikawa safi, akathibitisha kwamba ukiitia trombini inageuka fibrini bila kuhitaji protini ya pili, tofauti na alivyofundisha Alexander Schmidt wa Dorpat. Tangu hapo swali la kitu gani kinaganda lilikuwa limekwisha. Swali la nini kinakiamsha liliendelea karne nzima, na ndiyo sababu wanafunzi wa udaktari hupewa mchoro ule wenye mishale mingi. Mchoro huo una madhara yake. Unamfanya mwanafunzi aone kuganda kwa damu kuwa ni suala la mishale, yaani nani anamwamsha nani, na kule chini kabisa, pembeni, fibrinojeni imeandikwa kama vile haina idadi. Ina idadi. Kila bonge linalotengenezwa limeipunguza.

Sasa tuje kwa mama mjamzito.

Mimba inapokua, ini huongeza utengenezaji wa fibrinojeni, na miezi ya mwisho kiwango hufika gramu 4 hadi 6 kwa lita. Ni maandalizi. Kuna ushahidi mwingine wa ongezeko hilo ambao wengi wenu mmeuona bila kuutilia maanani: kipimo cha ESR. Damu ikisimamishwa katika neli nyembamba, chembe nyekundu hutua chini polepole. Fibrinojeni ikiwa nyingi, chembe hushikamana kama sarafu zilizopangwa na kutua haraka. Msweden Robert Fåhræus, aliyelichunguza jambo hili kuanzia 1918, alianza kwa kudhani amepata kipimo cha ujauzito, maana damu ya wajawazito ilikuwa ikitua upesi mno. Haikuwa kipimo cha ujauzito, kwa sababu kila homa na kila uvimbe nao huongeza fibrinojeni. Lakini alichokiona kwa wajawazito kilikuwa kweli.

Naomba tukae kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo karatasi ya maabara inapotudanganya. Mama amejifungua, damu inatoka, mtu mmoja mwenye busara ameagiza fibrinojeni ipimwe. Majibu yanarudi: gramu 2.1 kwa lita. Pembeni yake imechapwa safu ya viwango vya kawaida: 2 hadi 4. Hakuna alama ya nyota, hakuna wino mwekundu. Daktari aliye zamu, ambaye hajalala tangu jana, anasoma "kawaida" na kuweka karatasi kwenye faili. Ile safu ya viwango ilitokana na watu wasio wajawazito. Mama huyu jana alikuwa na gramu 5. Ameshapoteza zaidi ya nusu, na kwa kasi anayokwenda nayo, nusu iliyobaki haitamfikisha alfajiri.

Wafaransa walilifanyia kazi hilo. Mwaka 2007 Charbit na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 128 waliotokwa na damu baada ya kujifungua, wakatazama ni kipimo gani kilichochukuliwa mwanzoni ndicho kinachotabiri nani atafika hali mbaya. Miongoni mwa vipimo vyote vya kugandisha damu, kilichosimama ni fibrinojeni. Waliokuwa chini ya gramu 2 kwa lita, wote walifika hali mbaya. Wakati huo vile vipimo viwili vya muda wa damu kuganda tulivyovizoea, PT na APTT, vinaweza kuwa bado havijaonesha kitu. Kabla yao, mwaka 1995, Hiippala wa Finland alikuwa ameonesha kwa wagonjwa wa upasuaji mkubwa kwamba damu ikipotea na kufidiwa kwa chembe nyekundu na maji, fibrinojeni ndiyo inayotangulia kugusa kiwango cha hatari, kabla ya chembe sahani, kabla ya vigandishi vingine. Hilo ndilo nililoanza nalo, na si maoni yangu. Ni jambo lililopimwa.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ziko tatu na huja pamoja. Inamwagika na damu. Inatumika katika kila bonge, hata lile lililoanguka kwenye beseni bila faida kwa mtu yeyote. Na inazimuliwa na dripu tunazozifungua sisi wenyewe kwa nia njema. Ini linaweza kutengeneza nyingine, lakini kwa mama anayepoteza lita moja ndani ya nusu saa, ini haliwezi kushindana. Kumbukeni pia kwamba mimba inapokaribia miezi tisa, mji wa mimba hupitisha damu kama mililita 500 hadi 700 kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, ulinzi wa kwanza si kuganda kwa damu. Ni msuli. Mji wa mimba ukikaza, nyuzi za msuli huibana mishipa iliyopita katikati yake, na ndiyo maana mkunga hukanda tumbo na kuchoma oksitosini kabla ya jambo jingine lolote. Fibrini huja kuziba kilichobanwa. Msuli ukilegea, fibrini hutengenezwa mbele ya mkondo unaoisomba.

Kuna hali moja ambayo mpangilio huu hugeuka, nayo ni kondo la nyuma kubanduka kabla ya wakati. Joseph DeLee wa Chicago aliiandika mwaka 1901: mama ambaye kondo lake lilibanduka mapema, damu ikakataa kuganda. Aliilinganisha na himofilia ya muda. Leo tunajua kwamba kondo lililobanduka hutoa vitu vinavyowasha ugandishaji ndani ya mishipa ya mama, na fibrinojeni yake huliwa huko ndani. Inayoonekana kitandani inaweza kuwa kikombe kimoja tu, nyingine imejificha nyuma ya kondo. Katika hali hiyo kiasi cha damu kilichomwagika hakikuambii chochote cha maana. Ni lazima uulize damu yenyewe kama inaganda.

Kuiuliza si lazima uwe na mashine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu matatizo ya ujauzito na uzazi unaeleza kipimo cha kitandani, na mimi ningependa kila anayeingia leba akijue kama anavyojua kuhesabu mapigo ya moyo. Chukua mililita 2 za damu kutoka kwenye mshipa wa vena. Itie katika neli ndogo ya kioo, safi, kavu, isiyo na dawa yoyote ndani, yenye upana wa milimita 10 hivi. Ikamate ndani ya ngumi iliyofumba, ili ipate joto la mwili wako. Subiri dakika 4. Ilaze polepole utazame kama kuna kitu kinachoshikana. Kisha uirudie kila dakika moja. Damu nzuri itafika mahali utageuza neli kichwa chini na hakuna kitakachodondoka. Ikifika dakika ya 7 na bado inatiririka kama chai, au ikaganda bonge laini linalovunjika ukilitikisa, mama huyo damu yake haigandi ipasavyo, na sababu ya kwanza ya kufikiria ni kwamba fibrinojeni imeshuka mno.

Kuna mambo madogo yanayokiharibu kipimo hiki. Ngumi yenyewe ndiyo chombo cha joto, hivyo neli iliyosimamishwa kwenye meza ya bati chini ya feni itachelewa kuganda hata damu ikiwa nzima. Neli iliyooshwa kwa sabuni na kubaki na sabuni itadanganya. Neli ya plastiki itadanganya zaidi, kwa kuwa ni uso wa kioo unaoamsha damu iliyo nje ya mwili, kupitia kigandishi cha 12. Hicho kilipatikana kwa ajabu: mwaka 1953 damu ya John Hageman, mfanyakazi wa reli huko Marekani, ilipimwa kabla ya upasuaji ikakutwa haigandi kwenye neli ya kioo, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kusumbuliwa na kutokwa na damu. Daktari Oscar Ratnoff wa Cleveland alimchunguza, akakiita kigandishi kilichokosekana kwa jina lake. Hageman alifariki mwaka 1968, na kilichomuua ni bonge la damu lililokwenda kwenye mapafu. Kwa hiyo ndani ya mwili kigandishi cha 12 si cha lazima kwa kuzuia damu, lakini ndani ya neli yetu ni cha lazima, na kinahitaji kioo.

Neli hiyohiyo hutumika kwa aliyeumwa na nyoka, ila huko husubiriwa dakika 20 bila kuguswa. Sumu za nyoka kadhaa wa Afrika hufanya trombini itengenezwe ovyo ovyo: huamsha ugandishaji kila mahali, fibrinojeni yote inatumika, na baada ya saa chache damu inakuwa kama maji. Mwaka 1957 Karl Schmidt, mtaalamu mkubwa wa nyoka katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago, aliletewa nyoka mdogo amtambue. Alikuwa boomslang, nyoka wa mitini ambaye hupatikana pia Kenya na Tanzania. Akamuuma kidole gumba. Schmidt aliamini kwamba mdogo kiasi kile hawezi kuwa na sumu ya kuua, akaketi kuandika dalili zake saa kwa saa: kichefuchefu, kutetemeka, damu kwenye ufizi, damu kwenye mkojo. Siku ya pili alikufa kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Ninamtaja kwa sababu ya jambo ambalo tiba ya nyoka inatufundisha kuhusu ini. Mgonjwa akipata dawa sahihi ya sumu, ini hurudisha fibrinojeni ya kutosha kuganda ndani ya saa 6 hivi, na ndiyo sababu kipimo cha neli hurudiwa baada ya saa hizo. Ukimtilia fibrinojeni kabla ya kuizima sumu, umeilisha sumu.

Basi tukishajua imepungua, tunairudishaje? Chembe nyekundu zilizotengwa hazina fibrinojeni ya maana. Utegili wake umekwisha kuondolewa. Damu kamili, ambayo hospitali zetu nyingi bado zinaitumia, inayo, na hata ikikaa kwenye jokofu fibrinojeni yake haiharibiki upesi. Hapa ninatofautiana na wenzangu wanaoona haya kwamba tungali tunatumia damu kamili. Kwa mama anayevuja, chupa ya damu kamili inamrudishia vitu viwili anavyovipoteza. Aibu ingekuwa kumpa chupa nne za chembe nyekundu mfululizo na maji ya chumvi, tukashangaa kwa nini hagandi.

Utegili uliohifadhiwa kwenye barafu nao unayo, lakini ufanyeni hesabu. Lita moja ya utegili wa mchangiaji ina gramu 2 au zaidi kidogo. Huwezi kumpandisha mtu afike gramu 2 kwa lita kwa kummiminia kitu chenye gramu 2 kwa lita, isipokuwa umbadilishie utegili wote. Ndipo inapokuja krayo. Judith Graham Pool wa Stanford, katikati ya miaka ya 1960, alionesha kwamba utegili ulioganda kwa baridi ukiyeyushwa polepole ndani ya jokofu hubakiza chini ya mfuko mashapo meupe, ndiyo krayo yenyewe. Yeye alikuwa anatafuta kigandishi cha 8 kwa ajili ya wenye himofilia, na wao ndio walionufaika nayo kwanza; fibrinojeni ilikuwa imo ndani ya mashapo hayohayo, nyingi katika ujazo mdogo. Tatizo la krayo ni friza: huhitaji baridi kali isiyokatika, na ikishayeyushwa ni lazima itumike katika saa chache. Umeme wa mgao na krayo havielewani.

Njia nyingine ni unga wa fibrinojeni safi, unaokaa hata katika nyuzi joto 25 na kuyeyushwa kwa maji dakika chache kabla ya kuchomwa. Wazo hili ni la zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kundi la Edwin Cohn huko Harvard lilikuwa likitenga protini za utegili moja moja, na fibrinojeni ilikuwa katika fungu la kwanza. Ikauzwa Marekani mpaka mwaka 1977, ilipoondolewa sokoni kwa sababu utegili wa wachangiaji wengi uliochanganywa ulikuwa ukisambaza homa ya ini. Ya siku hizi husafishwa virusi. Kinachoiweka mbali nasi ni bei.

Lakini kabla hatujalilia unga huo, tusikie majaribio yanavyosema. Wadenmark walichapisha lao mwaka 2015: wanawake waliotokwa na damu nyingi walipewa gramu 2 za fibrinojeni mapema, bila kungoja kipimo. Haikusaidia, kwa kuwa wengi wao hawakuwa wamepungukiwa. Mwaka 2017 likaja la Uingereza, lililoongozwa na watafiti wa Wales; nalo likaonesha kwamba mama ambaye bado yuko juu ya gramu 2 hapati faida kwa kuongezewa. Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema fibrinojeni haina kazi. Mimi nayasoma kinyume. Yanasema mpime kwanza, kisha mpe aliyepungukiwa. Dawa ghali isiyotolewa ovyo ndiyo pekee tunayoweza kuimudu.

Kuna njia ya kuizuia ile kidogo iliyobaki isipotee, na hii tunaimudu leo. Mwili una kimeng'enya kiitwacho plasmini ambacho huyeyusha fibrini kazi ikishaisha. Mabaki ya fibrini hiyo ndiyo yale yanayopimwa kwa jina la D-dimer, jina ambalo UVIKO-19 ililileta hata vijiweni. Kwa mama anayevuja damu, plasmini huanza mapema mno na kubomoa mabonge ambayo bado yanahitajika. Asidi traneksamiki huizuia. Waliogundua ni Wajapani wawili, mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, waliochapisha kazi yao mwaka 1962. Baada ya vita hawakuwa na fedha za utafiti, wakachagua kuchunguza damu kwa sababu ikikosekana wangeweza kujitoa wenyewe. Bibi Utako alikuwa akifanya kazi maabara huku mtoto yuko mgongoni. Kilichomuuma ni wanawake wanaokufa katika uzazi, na madaktari wa uzazi wa kwao hawakukubali kuijaribu dawa yake. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 98. Mwaka uliofuata yalichapishwa matokeo ya jaribio la WOMAN, la wanawake 20,060 katika nchi 21, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo: waliopewa asidi traneksamiki ndani ya saa 3, vifo vya kutokwa na damu vilikuwa asilimia 1.2, na wasiopewa asilimia 1.7. Baada ya saa 3 faida ilitoweka. Uchambuzi uliofuata ulikadiria kwamba kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida kwa sehemu ya kumi.

Mengine ni ya kugundua mapema. Jaribio la E-MOTIVE, lililochapishwa Mei 2023, lilifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini kwa wanawake 210,132. Kifaa chake kikuu kilikuwa mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, unaowekwa chini ya mama ili damu ikusanyike na isomwe badala ya kukisiwa kwa macho. Palipotumika mfuko huo pamoja na matibabu yote kwa mkupuo mmoja, kukanda, oksitosini, asidi traneksamiki, dripu, na kumkagua mama, kati ya waliovuja, waliogundulika walikuwa asilimia 93, kwingine 51. Waliofika hali mbaya walishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Hakuna aliyechomwa fibrinojeni katika mkupuo ule. Walichofanya ni kuifunga njia kabla haijamwagika.

Alama ya hatari kwenye mfuko ule ni mililita 500. Damu ya kujaza neli ya kioo ni mililita 2. Pendekezo langu kwa wakunga mlioko hapa ni kwamba vitu hivyo viwili vifanyike pamoja, na neli iingie ngumini kabla dripu ya pili haijafunguliwa, maana baada ya hapo tutakuwa tunapima maji tuliyomimina sisi wenyewe.